Maswali yenu kuhusu Nagasaki

Maswali kuhusu Nagasaki, kwenye pembe ya magharibi ya kisiwa cha Kyushu nchini Japani, yamenijia mengi. Leo nachukua matano.

Nagasaki ni mji au mkoa?

Vyote viwili. Mji ndio makao makuu ya mkoa wenye jina hilohilo. Ukiutazama mkoa kwenye ramani utadhani kitambaa kilichochanika: rasi, hori, kisha visiwa tele. Hesabu iliyotolewa mwaka 2023 iliupa visiwa 1,479, vingi kuliko mkoa mwingine wowote wa Japani, ingawa vingi havina watu. Kisiwa kimoja, Tsushima, kiko kilomita 50 hivi tu kutoka Korea. Usiku anga likiwa safi, aliye kwenye ncha yake ya kaskazini huziona taa za Busan, mji wa Korea.

Ni kweli Japani ilijifungia ikabaki na mlango huu mmoja?

Karibu, ila si hivyo kabisa. Wareno, walewale walioanza kujenga Fort Jesus kule Mombasa mwaka 1593, walikuwa wakitia nanga Nagasaki tangu 1571. Serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, iliogopa Ukristo wao, ikawafukuza 1639. Waholanzi ndio walioruhusiwa kubaki, na tangu 1641 waliwekwa Dejima, kisiwa cha kutengenezwa kwa mikono chenye umbo la kipepeo cha kujipepea kwa mkono, kikubwa kama viwanja viwili vya mpira, chenye daraja moja linalolindwa. Lakini Wachina nao walifanya biashara Nagasaki, na Tsushima iliendelea kushughulika na Korea.

Yule Yasuke, Mwafrika wa Japani, alipitia huko?

Yaelekea hivyo. Bwana wake, padre Mjesuiti Alessandro Valignano, alishuka Kuchinotsu, katika mkoa huu, mwaka 1579. Mwaka 1581 mtawala Oda Nobunaga alimwona Yasuke Kyoto, akaamuru avuliwe nguo hadi kiunoni, maana hakuamini kwamba weusi ule haukupakwa. Kisha alimpenda, akamchukua kumtumikia. Kitabu cha Mjesuiti mmoja kilichochapwa 1627 kinasema alitoka Msumbiji. Nobunaga alipokufa mwaka 1582 Yasuke alipigana, akakamatwa, na habari zake zinaishia hapo.

Wakristo wa siri waliishije?

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mwaka 1597 Wakristo 26 walisulubiwa kwenye kilima cha Nishizaka. Mwaka 1614 dini yao ikapigwa marufuku nchi nzima. Wakulima wa Shimabara, waliokamuliwa kodi huku wakiteswa kwa imani yao, waliasi mwaka 1637. Ngome yao ya Hara ilipoanguka mwaka uliofuata, karibu wote waliuawa, watoto wakiwemo. Watu waliitwa wakanyage sanamu ya Yesu au Maria mbele ya maofisa, kuonyesha kuwa wao si Wakristo.

Basi wakakanyaga, wakarudi nyumbani wakaomba msamaha. Wazee walibatiza watoto bila padre. Sala za Kilatini zilirithishwa kwa mdomo hadi maneno yakapotea maana, lakini hayakuachwa. Waliweka nyumbani sanamu ya Kannon, mtakatifu wa huruma katika Ubuddha, akiwa amepakata mtoto: mpita njia aliona Kannon, wao walimwona Maria. Miaka zaidi ya 200! Tarehe 17 Machi 1865 kikundi kutoka kijiji cha Urakami kiliingia kanisa jipya la Oura, na mwanamke mmoja akamnong'oneza padre Petitjean kwamba mioyo yao ni sawa na wake, akauliza sanamu ya Maria iko wapi. Hata baada ya hapo zaidi ya 3,000 walihamishwa kwa nguvu; marufuku iliondolewa 1873.

Kwa nini bomu la atomiki liliangushwa Nagasaki?

Tarehe 9 Agosti 1945 ndege ya Marekani ilikuwa imeulenga mji wa Kokura. Anga la huko lilifunikwa, ikageukia Nagasaki. Saa 5:02 asubuhi bomu lililipuka juu ya bonde la Urakami, kama mita 500 kutoka kanisa kuu, ambako mapadre walikuwa wakiungamisha waumini. Vilima vilikinga sehemu ya mji, lakini kufikia mwisho wa mwaka waliokufa walikuwa kama 74,000.

Mita 800 hivi kutoka mahali bomu lilipolipuka, lango la mawe la hekalu la Sanno bado limesimama kwa mguu mmoja. Nyuma yake iko miti miwili ya kafuri iliyoungua ikabaki magogo meusi, ikachipua tena. Sasa ina kivuli kikubwa.