Matundu mawili au matatu chini ya kiatu?

SWALI: Jambo Papa. Mimi ni muuguzi, nakaa Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, kazi iko Kipushi. Tangu kiangazi naenda kazini kwa baiskeli mara mbili kwa juma, kama kilomita 30 kwenda. Yaya yangu (ndugu yangu mkubwa) wa Johannesburg anataka kunitumia pedali zile zinazonasa kiatu, pamoja na viatu vyake. Ananiuliza: vya matundu mawili au matatu? Nimekosa la kumjibu. Tena naogopa. Lori likiwa nyuma yangu na mguu umenaswa, nitajitoaje?

JIBU: Jambo mwanangu. Mwambie yaya: mawili.

Viatu vya matundu matatu ni vya mbio za lami. Asili yake ni kampuni ya Look ya Ufaransa, iliyotoa pedali ya kunasa mwaka 1984, na mwaka uliofuata mwendesha baiskeli Bernard Hinault akashinda nayo mbio za Tour de France. Kleti yake, yaani kile kipande kinachonaswa na pedali, kinachofungwa chini ya soli kwa skrubu zinazoingia kwenye matundu hayo, ni kubwa, ya plastiki, na imejitokeza nje. Hinault hakuwa na haja ya kushuka na kusukuma baiskeli kwenye matope mekundu ya Januari. Wewe unayo, na ukifika unatembea kwenye sakafu ya zahanati. Ile ya matundu mawili, ambayo kampuni ya Shimano ya Japani ilianza kuiuza mwaka 1990 kwa jina la SPD, ni kipande kidogo cha chuma kilichozama ndani ya soli. Unatembea kama mtu mwingine yeyote, na tope likiingia, ukigonga kiatu mara mbili linatoka.

Pedali ziwe za kunasa pande zote mbili, kwa sababu unapoondoka mbele ya magari huna muda wa kuinama kutafuta upande. Kuhusu kleti, aangalie namba iliyochongwa juu yake: 51 inaachia ukizungusha kisigino kwa upande tu, 56 inaachia kwa pembe nyingi zaidi, hata mguu ukivutwa juu kwa nguvu. Aombe 56. Waendeshaji wazoefu wataidharau. Waache.

Kiatu kisinunuliwe kwa namba peke yake. Jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa joto na kusimama, kanyaga karatasi, chora, pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu, umtumie yaya sentimita za miguu yote miwili.

Sasa hofu yako. Ninaiheshimu, maana nilianguka kwenye barabara hiyohiyo ya Kipushi, na si kwa kusahau kutoa mguu. Kleti inashikwa na skrubu mbili. Moja yangu ilikuwa imedondoka njiani bila mimi kujua. Nilipotaka kusimama nikazungusha kisigino. Kiatu kikazunguka, lakini kleti ilibaki imetulia kwenye pedali, ikizungukia ile skrubu moja iliyobaki. Mguu haukutoka. Nikaanguka upande wa majani, namshukuru Mungu, si upande wa lami. Ilibidi nifungue kiatu, nichomoe mguu, halafu nikae chini kukitoa kiatu kwa bisibisi. Kwa hiyo paka grisi kwenye nyuzi za skrubu, zikaze kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 4, uzikaze tena baada ya safari ya kwanza, kisha uziangalie kila Jumapili. Vumbi letu linaziba vichwa vyake. Zichokonoe kwa msumari.

Kleti ikae chini ya sehemu pana ya mguu, kati ya fundo la kidole gumba na la kidole kidogo. Ukisitasita, irudishe kidogo kuelekea kisigino. Kaa juu ya meza, miguu ining'inie, uone vidole vyako vinaelekea wapi vyenyewe: kleti ifuate hapo. Mimi nililazimisha miguu ielekee mbele kabisa, na goti la kushoto likaniuma majuma matatu hadi nilipogeuza kleti kiasi cha unene wa njiti ya kiberiti.

Kwenye pedali kuna skrubu ndogo ya kukaza mnaso. Ilegeze hadi karibu na mwisho, kila upande wa pedali. Halafu shika ukuta nyumbani, ingiza na utoe kila mguu mara hamsini, kwa kusukuma kisigino nje, si kwa kuvuta juu. Siku inayofuata nenda uwanja wa mpira, kwenye majani, ujizoeze kusimama. Hapa kwetu tunaendesha kulia, kwa hiyo utasimama ukingo wa kulia: toa mguu wa kulia baiskeli ikiwa bado inakwenda, mita kumi kabla, uelemee upande huo. Anayengoja hadi baiskeli isimame amechelewa. Fanya hivyo majuma mawili kabla ya kuingia kwenye barabara ya malori.

Na fundi akizifunga pedali, simama karibu naye. Pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume: inakazwa kwa kuzungusha kushoto. Zimeandikwa L (kushoto) na R (kulia). Aanze kwa vidole, na ikigoma aitoe aanze upya, asiisukume kwa spana, maana mkono wa pedali ukishaharibika nyuzi utatafuta mwingine Lubumbashi nzima.