Malori Yakivamia Mtaa, Tazameni Foleni Kwanza

Ukiishi Kurasini, au popote Temeke karibu na bandari ya Dar es Salaam, moshi wa dizeli unaujua. Unaufuta kwenye vyombo asubuhi, na usiku unasikia watoto wanavyokohoa. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi huo katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Si kitu cha kuzoea.

Msiende serikali ya mtaa kusema tu kwamba malori yanasumbua. Sisi tulisema hivyo, tukajibiwa litafanyiwa kazi, ikawa basi. Mambo yalisogea tulipoanza kuandika. Mama mwenye genge pale kona na vijana wa bodaboda, ambao wapo barabarani tangu alfajiri, walikubali kushika daftari: lori limefika saa ngapi, linakwenda yadi gani ya makontena, limesimama kwa muda gani, injini imezimwa au inaunguruma.

Daftari likaonyesha kwamba yanayopita hayatuumizi kama yanayosimama. Dereva anangoja kushusha kontena, foleni inasogea kidogo kidogo, naye hazimi injini kwa kuhofia kupitwa. Zungumzeni na madereva kwa heshima. Wengi wanalala humo humo garini na moshi wanaovuta ni huo huo wetu. Walituambia wazi kuwa wakipewa namba na saa ya kuingia, hawana haja ya kujipanga mbele ya shule. Basi ombi letu likaenda kwa mwenye yadi: toa namba, malori yasubiri ndani.

Kuhusu barabara, ulizeni kwanza ni ya nani. Za mitaani ziko chini ya TARURA, barabara kuu ni za TANROADS, na barua ikikosea mlango itazunguka miezi. Nakala zifike kwa afisa mazingira wa manispaa na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Tajeni kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kinachompa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa, msiondoke bila huo.

Yadi ile sasa inatoa namba. Tunachodai kwa sasa ni malori yasipite saa za watoto kwenda na kurudi shuleni, na hilo tumemkabidhi diwani alifikishe kwenye baraza la madiwani.