Usifunge kotonii kaskazi hii

Mdogo wangu, hiyo pesa irudishe mfukoni. Unataka kufunga mbegu ya kotonii, ile aina ya mwani wa kuuza inayofungwa kwenye kamba baharini, huko Jambiani, Unguja, mwezi wa Disemba, kwa kuwa umesikia mwani unanyonya hewa ya ukaa na utalipwa kwa hilo. Mimi nilianza na hesabu hiyohiyo, mtaji wote ukaenda na maji.

Joto ndilo lililonimaliza. Kaskazi, upepo wa msimu wa joto, haikorogi bahari kama kusi, upepo wa katikati ya mwaka: maji moto yanalala juu, ya baridi yenye rutuba yanabaki chini. Ongeza bamvua sasa, zile siku maji yanapojaa sana na kupwa sana. Maji yanakupwa saa nne, saa tano, ndani ya mwamba yanabaki ya magotini, na jua ndio kwanza linapanda. Kipimajoto nilikuja kukitia nimeshachelewa, kikasoma 34. Kotonii inaanza kuugua yakishapita 30 hivi: ncha zinapauka, shina linalainika, linakuwa jeupe, ukilishika linakukatikia mkononi. Nikaenda nikakuta vifundo vimekaa vizuri kwenye kamba, mwani hamna. Mke wangu hadi leo ananiita mkulima wa kamba, na wallahi kamba zenyewe zilistawi.

Aliyenitia humo ni mtaalamu wa semina. Projekta, chai, sambusa, picha zote za Ufilipino, na yeye hata kidole hakukitia majini! Pale Paje wapo kina bibi wanaofunga mwani tangu kilimo hiki kianze 1989, wangenambia bure kwa nini waliiacha kotonii wakashika spinosamu, aina nyingine ya mwani, na bei yake iko chini. Sikuwauliza. Hawakuwa na projekta.

Na hayo malipo ya ukaa ni kutia maji kwenye pakacha. Hata planktoni, vile vijimea visivyoonekana kwa macho, kaboni vinayonyonya sehemu kubwa inaliwa na kurudi hukohuko juu, inayozama kilindini ni kidogo. Mwani wako ndio hauzami kabisa: unauvuna, unauanika, kiwandani wanatoa utomvu wa kugandishia aiskrimu, mtu anakula, unaishia chooni, unaoza, hewa inarudi ilikotoka. Sasa wewe ulipwe kwa lipi?

Kabla ya kununua hata kamba moja, tafuta kipimajoto. Nenda bamvua, maji yakiwa makupwa na jua kali, upime palepale utakapofunga, si kule ukingoni kwenye mawimbi. Rudia bamvua nyingine. Yakipita 30, ondoka hapo: ama kamba za kuelea kwenye kina, na hapo utafute chombo na ujue kuogelea, ama funga spinosamu. Muuza mbegu akikwambia yake inavumilia joto, mwambie aifunge yeye kwanza, pesa utampa bamvua mbili zikishapita.