Malta na watoto: nenda Oktoba, na ramani isikudanganye

Ukiitazama Malta kwenye ramani unapata kiburi. Kisiwa kikuu kina kilomita za mraba 246, hakifiki hata robo ya Unguja, basi hapo hapo unaanza kupanga: asubuhi Valletta, mji mkuu, mchana Mdina, jioni kuogelea Mellieħa. Ukiwa peke yako huenda ukaweza. Ukiwa na mtoto wa miaka mitano, kaka yake anayeanza kubalehe, na bibi yao ambaye magoti yake yamechoka kupanda ngazi, hiyo ni ratiba ya kugombana. Kule safari hupimwa kwa foleni ya basi na ukali wa jua. Panga jambo moja la mawe asubuhi, jambo moja la maji alasiri, na katikati mtu alale.

Sisi kwetu Tanga, tunaishi Ujerumani, na tulikwenda wakati wa likizo ya shule ya vuli. Mkichukua ushauri mmoja tu kwangu, chukueni huu wa Oktoba. Agosti joto hupita nyuzi 30 karibu kila siku na fukwe hazina pa kutandika kanga. Aprili na Mei ni raha kutembea, maua kila mahali, ila bahari bado ni baridi, na mtoto aliyeonja maji ya Raskazone, kwetu Tanga, atachovya kidole kimoja kisha arudi kwenye taulo. Oktoba bahari imeshashiba jua la kiangazi kizima, inabaki nyuzi 23 hivi. Kasoro yake ni mvua. Inakuja ghafla, inapiga kwa hasira, barabara zinajaa maji, halafu jua linatoka kama hakuna kilichotokea. Bebeni makoti mepesi, basi.

Kuhusu makaratasi: Malta imo kwenye Schengen, yale makubaliano ya nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tangu 2007. Mwenye pasi ya Tanzania au Kenya na kibali cha kuishi Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen hahitaji viza, lakini abebe vyote viwili, pasi na kibali, na vya watoto pia. Ndugu zetu wa Uingereza wenye pasi za nyumbani lazima waombe viza, na miadi hupatikana kwa shida msimu wa likizo, kwa hiyo anzeni mapema. Fedha ni euro. Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kimalta, hakuna wa kupotea. Magari hupita kushoto, na soketi ni za pini tatu bapa kama zetu, urithi wa Mwingereza aliyetawala hadi 1964. Chaja ya zamani ya Tanga iliyokuwa imelala kwenye droo yetu ilipata kazi.

Pa kufikia ndipo wengi wanapokosea hesabu. Mellieħa ina ufuko mzuri, lakini basi la kwenda Valletta linaweza kula zaidi ya saa nzima. Sliema ni zege tupu, siwezi kuisifu kwa uzuri, ila ina kivuko cha dakika chache hadi Valletta, na kwa mtoto kivuko chenyewe ni matembezi. Tulikaa upande huo kwanza, kisha tukahamia Gozo, kisiwa cha pili cha Malta, na mpango huo ningeurudia bila kubadilisha kitu. Mabasi mengi hukutana nje ya lango la Valletta, penye chemchemi ya Triton. Pandieni hapo hapo kila mnapoweza, kwa sababu basi likishajaa njiani dereva hupita vituo bila hata kukutazama.

Valletta imejengwa mgongoni mwa kilima na mitaa yake mingine ni ngazi tupu. Mwenye kigari cha mtoto atalia. Nendeni kwanza bustani ya Upper Barrakka, mfike kabla ya saa sita mchana, maana saa sita kamili mizinga iliyo chini ya bustani hupigwa. Mdogo wetu aliziba masikio, kisha akataka irudiwe. Halafu mwacheni bibi ashuke kwa lifti iliyo pembeni ya bustani, inayoteremka hadi bandarini, na hapo chini kuna vyombo vya kuvuka kwenda Birgu. Kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Yohana funikeni mabega, na viatu vya kisigino chembamba haviruhusiwi kwa sababu sakafu nzima ni makaburi ya marumaru ya mashujaa wa Mtakatifu Yohana, wale wapiganaji wa dini ya Kikristo waliotawala kisiwa. Watu wazima huenda kuona mchoro mkubwa wa Caravaggio, mchoraji wa Italia, wa mwaka 1608. Watoto wataangalia sakafu, maana imejaa picha za mifupa na mafuvu, na maswali hayataisha.

Hapo mimi nina neno. Utasikia sana habari za kuzingirwa kwa 1565, jinsi mashujaa hao walivyowashinda Waturuki. Utasikia kidogo mno kwamba merikebu zao zilipigwa makasia na watumwa, wengi wao Waislamu waliotekwa baharini, na kwamba utumwa ulidumu kisiwani hadi Napoleon alipoufuta mwaka 1798. Sisi watu wa pwani tuliokua tukisikia ya Bagamoyo na Unguja hatuwezi kupita hapo kimya. Kijana wetu aliyaelewa vizuri kuliko nilivyotarajia, na aliyaelewa pale pale bandarini, akiwa anayatazama maji yenyewe.

Kama mna hamu na mambo ya kale zaidi, mji wa Paola unastahili siku yake. Chini ya nyumba za watu kuna Hypogeum, makaburi yaliyochongwa ndani ya mwamba maelfu ya miaka iliyopita na kugunduliwa na mafundi mwaka 1902. Huingia watu kumi tu kwa mara moja, tiketi huisha wiki nyingi kabla, na mtoto chini ya miaka sita haruhusiwi. Kwa hiyo mzazi mmoja aende na mkubwa, mwingine ampeleke mdogo kwenye mahekalu ya Tarxien, ni mwendo mfupi kwa miguu. Paola hiyo hiyo ndiyo yenye msikiti wa Mariam Al-Batool, ambao Gaddafi aliuwekea jiwe la msingi mwaka 1978. Tulipanga siku yetu ya Paola iangukie Ijumaa. Mkikosa tiketi za Hypogeum, msihuzunike: Ħaġar Qim na Mnajdra ni mahekalu ya mawe yaliyotangulia piramidi za Misri, yako juu ya bahari, na yamefunikwa na mahema makubwa, kwa hiyo kuna kivuli.

Chakula kinataka macho. Pastizzi, vile vikeki vya tabaka vyenye jibini au njegere, huuzwa kila kona kwa bei ya kutupa, lakini vingine hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe, na kutazama tu hakukuambii. Ulizeni. Sungura ndiye mlo wao wa sifa. Wanangu waligoma kwa huruma. Kilichotuokoa ni mkate uliopakwa nyanya na mafuta ya zeituni, ndani jodari na zeituni, unashibisha na hauna wasiwasi. Samaki tulikula Marsaxlokk, kijiji cha wavuvi. Jumapili kuna soko kubwa na msongamano wake, siku nyingine unakaa kwa nafasi. Mashua za pale hupakwa rangi kali na kuchorwa macho mawili mbele. Mama mkwe wangu alisema majahazi ya Lamu nayo huwekewa macho, akapiga picha nyingi kuliko sisi wote. Maji ya bomba hunyweka, ila yana ladha: kisiwa hakina mto wa kudumu na sehemu kubwa ya maji yake hutolewa chumvi kutoka baharini.

Bahari yenyewe itawashangaza watoto wa pwani kwa jambo moja, hakuna kupwa wala kujaa kwa maana yetu. Maji hupanda na kushuka kiasi cha kiganja. Kwa wadogo nendeni Għadira, karibu na Mellieħa: mchanga, na unatembea mbali maji bado yako kiunoni. Sehemu nyingi nyingine ni miamba, kwa hiyo viatu vya maji ni lazima. Konyeza wapo, na wanachoma kwelikweli. Mkiona bendera ya zambarau, siku hiyo jengeni ngome za mchanga. Blue Lagoon, ghuba ya kisiwa kidogo cha Comino, ni nzuri kama picha zake, lakini haina kivuli na ina watu, na tangu 2025 lazima mjiandikishe mtandaoni kabla. Na mtoto mdogo mimi ningeiruka.

Siku zitakazobaki zipelekeni Gozo. Kuna mchanga mwekundu wa Ramla, kuna ngome ya Ċittadella, na kule Xwejni kuna mashamba ya chumvi yaliyochongwa kwenye mwamba ufukweni, ambapo mama mkwe wangu, aliyekua jirani na mashamba ya chumvi kwetu, alitoa maelezo marefu kuliko kibao. Lile tao maarufu la mwamba pale Dwejra msiende kulitafuta. Lilianguka baharini Machi 2017 ingawa bado limo kwenye kadi za posta. Kivuko cha kutoka Ċirkewwa, kwenye kisiwa kikuu, hadi Gozo huchukua dakika 25 hivi, na nauli hulipi ukienda, unalipa ukirudi, kwa hiyo msishtuke mkipita bila kuulizwa. Jumapili jioni foleni ya magari ya kurudi ni ndefu mno. Kama ndege yenu ni ya Jumatatu usiku, laleni Gozo na mvuke asubuhi.