Mionzi inayoumulika mchirizi ndiyo inayoimega sahani

Ndugu umeuliza inakuwaje mionzi ya nyota kubwa itufichulie michirizi ya gesi ya nyota changa, na papo hapo iiharibu sahani ya gesi na vumbi ambamo sayari huumbika. Nakujibu kwa yale niliyoyaona Kitulo, kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania.

Mwezi wa Agosti, yapata saa kumi na moja alfajiri, kundinyota la Jabari (Orion) huwa limekwisha kuchomoza likiwa limelala ubavu. Kulia kwa nyota tatu za mkanda wa Jabari, hata darubini ndogo ya mkononi huonyesha doa la ukungu: ni Nebula ya Jabari, wingu la gesi na vumbi lililo umbali wa miaka ya nuru 1,300 hivi. Ndani yake inawaka nyota ambayo joto la uso wake hukaribia nyuzi 40,000, na sehemu kubwa ya nuru yake ni urujuanimno, yaani mionzi mikali isiyoonekana kwa macho.

Katika miaka ya 1990, darubini ya Hubble ilionyesha kandokando yake sahani zilizovikwa gesi yenye umbo la tone, kichwa kikiielekea nyota hiyo na mkia ukikimbilia upande wa pili. Mionzi huipasha joto gesi ya ukingoni, ambako mvutano wa nyota changa ni dhaifu, nayo huponyoka pamoja na vumbi laini huku punje kubwa zikibaki. Kwangu hapo ndipo penye uchungu, kwa kuwa kiini cha sayari kinaweza kukua vizuri kisha kikakosa gesi ya kukifanya kuwa kama Mshtarii, sayari kubwa ya gesi.

Michirizi nayo hufyatuliwa na uga wa sumaku kutoka sehemu ya ndani ya sahani, kwa mwendo unaofikia mamia ya kilomita kwa sekunde. Pasipo nyota kubwa jirani, huonekana hasa mafundo yake, pale gesi inapogongana; penye nyota hiyo, urujuanimno huung'arisha mchirizi mzima, na gesi inayofuka upande uliopigwa na mionzi huweza kuusukuma mpaka ukapinda.

Asubuhi moja huko Kitulo jua liliangukia matuta ya viazi yaliyojaa sakitu. Mvuke ulifuka upande uliopigwa na jua tu, na nuru iliyokuwa ikiiondoa sakitu ndiyo iliyonionyesha mvuke. Kivulini sakitu ilidumu hadi saa tatu, kama zinavyodumu zaidi sahani ambazo bado zimekingwa na vumbi zito la wingu lililozizaa.