Je, volteji "inapita" kwenye diodi?

SWALI: Mimi ni fundi wa redio na sola, na nina vijana wawili ninaowafundisha kazi. Husema "volteji inapita kwenye diodi", na mmoja ameandika daftarini: "Diodi inazalisha volteji pale P inapokutana na N." Nahisi kuna kasoro, ila nakosa maneno ya kuwasahihisha. Tena, ile nafasi inayoachwa na elektroni tuiite shimo au tundu?

JIBU: Fundi, hisia yako ni ya kweli. Kinachopita ni mkondo. Volteji haipiti, ipo, na daima ipo kati ya sehemu mbili. Mvua ikinyesha, maji hupita juu ya bati. Mteremko wa paa hauendi popote. Mikono yako inaijua sarufi hii tayari: ukipima volti unagusisha ncha za mita huku na kule bila kukata kitu, lakini ukipima mkondo lazima ukate njia ili upite ndani ya mita. Basi mkondo "unapita kwenye diodi", na volteji iko "kati ya miguu miwili ya diodi".

Kuhusu "inazalisha", tutazame kinachotokea ndani ya diodi ya silikoni, kifaa chenye pande mbili, N na P, kinachoruhusu mkondo upite kuelekea upande mmoja tu. Silikoni ya upande wa N imetiwa chembe za fosforasi, ambayo atomu yake ina elektroni tano za nje, wakati silikoni ina nne. Upande wa P umetiwa boroni, yenye tatu. Pande hizo zikikutana katika kipande kimoja, elektroni za N husambaa kuelekea P. Nyuma yake hubaki atomu za fosforasi zenye chaji chanya, zisizoweza kusogea. Ng'ambo, boroni hubaki na chaji hasi. Chaji hizo huzirudisha elektroni nyingine zinazotaka kufuata, mpaka uhamaji unatulia. Kutengana huko kwa chaji ndiko kunakoleta tofauti ya volteji kati ya N na P; kwa silikoni, tofauti hiyo huwa karibu volti 0.7.

Hapo hakuna aliyetenda. Kiswahili kina kauli ya kutendeka kwa mambo kama haya: maji yamemwagika, kikombe kimevunjika. Ndiyo maana nasema volteji hujengeka kwenye maungio ya P na N. "Kuzalisha" kunadai umeme utoke, kama kwa jenereta. Chukua diodi ya kawaida iliyolala mezani, mita ikiwa kwenye volti: utasoma sifuri, kwa sababu tofauti zinazojengeka pale silikoni inapogusana na metali ya miguu huifuta ile ya katikati.

Mwanga ukiingia, hapo "kuzalisha" ni haki. Mwaka 1940, Russell Ohl wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, alimulika kipande cha silikoni chenye ufa, na volteji ikaonekana kwenye mita. Paneli unazofunga juu ya mapaa zinafanya kazi kwa njia hiyohiyo.

Na ile nafasi? Shimo huchimbwa, tundu hutobolewa. Pengo huachwa na kitu kilichokuwapo: jino la mtoto likitoka, ana pengo. Elektroni ikitoka hubaki pengo, na elektroni ya jirani ikiliziba, pengo limehamia kwa jirani. Mimi nachagua pengo. Vijana wakikuta "tundu" au "shimo" kwingine, waambie ni kitu kilekile.