Neoni aliyejitenga na kapsuli za rangi mbili

Swali: Shikamoo daktari. Nina tangi la lita 60 hapa nyumbani Njiro, lina samaki watano wa aina ya neoni tetra. Walikuwa wanane, watatu walikufa ndani ya mwezi wa kwanza tangu nianzishe tangi. Tangu Jumatatu mmoja kajitenga nyuma ya filta, wenzake wanazunguka mbele bila yeye. Aliyeniuzia alisema nifungue kapsuli mbili za rangi mbili nimwage humo. Nimemwaga, sasa maji yamekuwa kama yaliyooshea mchele na wawili wengine wanahemea juu. Niongeze dawa gani?

Jibu: Marahaba. Usiongeze kitu. Leo hii toa theluthi ya maji, ujaze mengine yaliyolala kwenye ndoo wazi tangu jana, yasiwe ya baridi kuliko ya tangi. Pampu ya hewa iwake muda wote, chakula kisimame siku mbili. Kesho rudia. Sponji ya filta usiiguse.

Sasa hizo kapsuli, ambazo ni antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria. Wiki haipiti sijaletewa habari hii, na dawa ni ileile kila mara, kana kwamba kujitenga ni ugonjwa wenye jina lake. Si ugonjwa. Neoni hutembea na wenzake kwa sababu huko kwao, kwenye vijito vya Amazon, anayebaki peke yake huliwa. Akikubali kubaki nyuma ana sababu: anakimbizwa, ana mayai, amezeeka, maji yanamuunguza, au kweli anaumwa. Tena watano ni wachache. Chini ya sita hawatulii, na mnyonge hana pa kujificha katikati yao.

Kaa mbele ya tangi dakika kumi, taa ikiwa imeshawaka kitambo. Usimhukumu pale unapoiwasha tu, maana neoni hupauka usiku na nimeshapigiwa simu alfajiri kwa ajili ya rangi hiyo. Dondosha chembe mbili za chakula. Akija akala kisha akarudi mafichoni, huyo anaogopa, tazama nani anamkimbiza. Asipokuja, na ule mstari wa buluu umekatika vipande, mwili una mabaka meupe, mgongo umeanza kupinda, hapo nami nahofia ugonjwa wa neoni. Huletwa na kimelea cha jamii ya mikrosporidia kinachokaa ndani ya misuli, na tiba ya kutegemewa hakuna. Mtenge kwenye chombo kingine. Akifa mtoe papo hapo, kwani wenzake wakimdonoa wanakimeza kimelea. Dawa ya bakteria hapo haina kazi.

Kazi yake utaiona kwenye filta. Mle kwenye sponji wamo bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa nitriti, kisha nitrati. Kuwajenga huchukua wiki nne hadi sita, na naona wale watatu wako walikufa ndani ya muda huohuo. Ukiwamwagia dawa wanakufa, amonia inapanda, samaki wanakwenda juu kutafuta hewa, nawe unadhani ugonjwa umeenea. Hapa Arusha ni mbaya zaidi. Maji yetu mengi yamepita kwenye miamba ya volkano ya Meru, yana magadi pamoja na ile floridi inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. pH yake, yaani kipimo cha asidi na magadi, iko juu, na pH ikiwa juu, sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa ile yenye sumu kali.

Juzi kijana kaniletea samaki mwingine mdogo, danio, kwenye kopo la siagi ya karanga, maji buluu kama wino. Nikauliza ni dawa gani. "Ya samaki." Chupa ilikuwa haina hata lebo. Danio mwenyewe alikuwa jike tumbo limejaa mayai, hana lolote.

Mtu anayekuuzia dawa kabla hajauliza tangi ni lita ngapi, lina muda gani, na maji yalipimwa lini, huyo hatibu. Ni walewale wa kuku: akikohoa mmoja, banda zima linanyweshwa. Na hayo maji ya kapsuli unayamwaga wapi? Kwenye mtaro, bakteria wa nje wakajifunze kuizoea dawa ambayo kesho mwanao ataandikiwa hospitali. Kwa bei ya makopo mawili matatu ya dawa hizo za kubahatisha ungepata kipimo cha matone cha amonia, lakini hicho hakuna anayekuja kukiulizia.

Neoni wengine usinunue mpaka amonia na nitriti zisome sifuri wiki mbili mfululizo. Kama kesho kutwa wale wawili bado wako juu, niletee maji ya tangi kwenye chupa isiyooshwa kwa sabuni, ijae hadi mdomoni. Samaki mwache nyumbani.